Rangi ya chini ya boti: jinsi ya kuchagua antifaulingi kulingana na boti yako inavyoishi

Kuna mwaka nilipandisha boti yangu pale krikini, faiba ya futi 28, na ilipokauka nikabaki kucheka peke yangu maana ilikuwa kama boti mbili zilizounganishwa. Upande wa kushoto safi, ute kidogo tu wa kijani unaotoka kwa kidole. Upande wa kulia ndevu za mwani na magamba, yale makoko meupe makali yanayokuchana mikono, yamejipanga kutoka mstari wa maji mpaka mkuku. Rangi ya antifaulingi, ile ya kuzuia mwani na magamba, ilikuwa ile ile, mkebe ule ule, siku ile ile. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba fundi alianza na upande wa kulia, na alifungua mkebe akamimina kwenye trei bila kukoroga. Kopa yote, yaani shaba, ile sumu yenyewe ya kufukuza magamba, ilikuwa imelala chini kama mashapo ya kahawa, kwa hiyo upande wa kulia ulipakwa maji ya rangi, na kushoto ukapata sumu yote.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila mtu akiniuliza "rangi gani nzuri?" anataka nimtajie kampuni. Jotun, Hempel, International, wote wanatengeneza rangi nzuri na wote wanatengeneza rangi isiyokufaa wewe. Swali lenyewe ni boti yako inaishije. Inalala wapi, inatembea kiasi gani, inakauka mara ngapi, imetengenezwa na nini. Jibu hayo manne na rangi itajichagua yenyewe.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Boti inayolala juu ya trela au inayovutwa mchangani kila jioni haihitaji antifaulingi. Ioshe na maji baridi (yasiyo na chumvi), basi. Magamba yanahitaji muda wa kukaa mahali pamoja ndani ya maji ili yajishike, na boti iliyokauka usiku kucha hayaipati nafasi hiyo. Pesa ya rangi nunua mafuta.

Walio Ziwa Victoria nao magamba ya baharini si tatizo lao, kule kuna ute na majani tu, na watu wanachota maji ya kunywa pale pale. Epoksi nzuri laini na kusugua kwa brashi kunatosha, usipeleke kopa huko.

Lakini kama boti inalala nangani Mtwapa, Kilifi, Shimoni, Lamu, Unguja, popote maji yana joto mwaka mzima, huna ujanja. Wiki chache tu bila rangi utasikia mwenyewe, mashine inanguruma na boti haiendi, unaongeza mafuta na mwendo hauongezeki.

Hatua ya 2: Jua boti imetengenezwa na nini

Hapa ndipo watu huharibu kabisa, so tusome polepole.

Faiba inapokea karibu kila kitu. Ikiwa mpya ina nta iliyobaki kutoka kwenye moldi na rangi haitashika mpaka uitoe, kwanza kwa kiosha mafuta halafu msasa. Usianze na msasa kabla ya kuosha, utaisugulia nta ndani.

Aluminiamu ni kesi nyingine. Rangi nyingi za antifaulingi zinafanya kazi kwa oksaidi ya kopa, na kopa ikikutana na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi unakuwa umetengeneza betri, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona malengelenge madogo, halafu unga mweupe, halafu tundu. Kwa aluminiamu tafuta rangi isiyo na kopa kabisa, au ile yenye thayosaineti ya kopa iliyoandikwa wazi kwenye mkebe kwamba inafaa aluminiamu (Trilux 33 ya International ni mfano), na chini yake epoksi praima (rangi ya msingi) ya kutosha bila mkwaruzo hata mmoja. Na kumbuka, mguu wa mashine ya nje ni aluminiamu pia! Watu wanapaka boti ya faiba vizuri halafu wanamalizia "kidogo kilichobaki" kwenye mguu wa mashine. Usifanye hivyo. Inua mashine itoke majini ukitia nanga.

Chuma, epoksi nzito kwanza ndipo rangi ya kopa, isigusane na chuma tupu.

Mbao nayo ina adui mwingine kabisa. Magamba yanakupunguzia mwendo tu, lakini yule mdudu anayetoboa mbao atakuzamisha. Anaingia mdogo kama ncha ya sindano na ndani anachimba mahandaki, ukigonga mbao inalia kama kuti kavu. Wazee walikuwa na dawa yao, chombo kikipwelewa wanachoma makuti chini yake kuua mdudu, halafu wanapaka deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Deheni bado inafanya kazi na ni rahisi, shida yake haidumu, unarudia mara kwa mara. Ila sikiliza, ukitaka kuhama kutoka deheni kwenda rangi ya dukani, mbao imekunywa mafuta miaka na miaka na rangi itabanduka kama ganda la vitunguu. Itabidi ukwangue, uoshe na solventi, uiache mbao ikauke kweli, utie praima ya mbao, na ujaribu kipande kimoja kwanza. Na kwa mbao kipaumbele ni rangi isiache hata doa moja tupu, kuliko kuwa na kopa nyingi. Doa la ukubwa wa shilingi linamtosha yule mdudu.

Hatua ya 3: Aina za rangi, na ipi ya nani

Ziko nyingi ila kwa matumizi yetu nazigawa hivi.

Rangi ngumu. Inakauka ngumu kama enameli, kopa inachuja kutoka ndani polepole na ganda linabaki. Inafaa spidiboti, boti za uvuvi wa michezo zinazokimbia sana, na boti zinazosuguliwa mara kwa mara na brashi au zinazokalia mchanga maji yakipwa. Ubaya wake, kila mwaka unaongeza tabaka juu ya ganda lililokufa na baada ya miaka kadhaa unene unaanza kupasuka, hapo ni skrepa na machozi. Ubaya wa pili, nyingi zikitolewa majini muda mrefu zinapoteza nguvu.

Rangi inayojilika. Hii inayeyuka kidogo kidogo maji yakipita, kila siku kopa mpya inatokeza, na magamba machanga yanabanduka pamoja na ngozi ya rangi. Haiachi tabaka nene. Kwa boti ya kawaida ya faiba inayotoka mara mbili tatu kwa wiki na mwendo wa kati hii ndiyo ninayotumia mimi na ndiyo ningekushauri. Lakini inahitaji mwendo! Boti iliyofungwa nangani miezi mitatu bila kuwasha mashine itaota tu. Na ukiisugua kwa nguvu chini ya maji unaona wingu jekundu linatoka, hiyo ni pesa yako inaelea.

Kopa ndani ya epoksi, mfano Coppercoat. Unapaka mara moja kwa utaratibu mkali na inakaa miaka mingi, unaisugua msasa laini mara moja moja kuiamsha. Gharama ya mwanzo kubwa, na lazima uondoe rangi yote ya zamani. Kama unakusudia kuishi na boti hiyo miaka kumi piga hesabu. Kama unataka kuiuza mwakani achana nayo.

Silikoni. Haiui kitu, inateleza tu ili wadudu wasijishike, wakishika mwendo unawatoa. Nzuri kwa vyombo vinavyokimbia, lakini ukigusa mwamba au kamba ya nanga ikikwaruza imeharibika, na haipendi kuwa karibu na rangi nyingine. Kwa mazingira yetu ya kupwelea mchangani siipendekezi.

Sasa kuna jambo la Mombasa hasa. Utaambiwa kuna rangi ya meli, imebaki kazini, bei poa, "hii ndo kali yenyewe". Inawezekana ni rangi halali nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba rangi nyingi za meli zimetengenezwa kwa chombo kinachokwenda noti 14 na zaidi mchana na usiku, bahari kuu. Kwenye boti yako inayokwenda noti 6 Jumamosi na Jumapili haitajilika inavyotakiwa, itakaa pale ngumu inaota majani. Halafu kama ni mkebe wa zamani sana soma kibandiko: ukiona tributiltini, au TBT, usiiguse. Hiyo ilikuwa kali kweli, ikaharibu chaza wa ghuba ya Arcachon kule Ufaransa miaka ya sabini mpaka Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa kuizuia kwenye vyombo vyote ulianza kazi 17 Septemba 2008. Mwaka 2023 saibutrini, sumu nyingine ya rangi za chini, nayo ikaongezwa kwenye orodha ya marufuku.

Na wa pilipili pia tusiwasahau, kuna watu watakuambia utie pilipili ya unga kwenye rangi. Tia kwenye mchuzi.

Hatua ya 4: Angalia kilichopo chini kabla ya kununua

Hujui mwenye boti wa kwanza alipaka nini, so fanya hivi. Chukua kitambaa cheupe, lowesha na thina, sugua sehemu moja kama dakika nzima. Rangi ikija nyingi kwenye kitambaa ni ile inayojilika au laini. Ikija kidogo sana ni ngumu. Ngumu juu ya laini ni marufuku, ni kama kujenga nyumba juu ya uji. Laini juu ya ngumu mara nyingi inakubali ukipiga msasa vizuri. Kama hujaelewa kabisa, tia praima ya kufunga, ile inayotenganisha rangi ya zamani na mpya, na kabla ya yote paka kipande cha nusu mita uache mpaka kesho. Kikikunjamana kama ngozi ya maziwa ya moto, ndiyo jibu lako, rangi hizo hazipatani.

Hatua ya 5: Jedwali la maji kabla ya jedwali la bei

Hii hatua siioni kwenye maelekezo ya Wazungu kwa sababu wao wananyanyua boti na kreni, inakaa juu wiki nzima. Sisi wengi tunapwelesha, yaani tunaiacha boti ikae mchangani maji yakipwa. Na maji yetu ni makubwa, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) pale Kilindini, bandari ya Mombasa, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Siku za bamvua huku maji yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yaani boti ikikaa sehemu nzuri ya mchanga inatoka majini kama saa mbili na maji yanairudia saa nane hivi. Muda wa masaa sita tu. Ndani ya hizo saa ukwangue, uoshe chumvi, usubiri ikauke, upake, na rangi ikauke kabla maji hayajarudi. Soma kwenye mkebe sehemu inayosema muda wa chini kabla ya kuingia majini. Huwa wameandika kwa joto tofauti, tazama safu ya digrii 30 au 35 siyo ya 15. Ikisema masaa manne una nafasi ya tabaka moja upande mmoja kama umejipanga. Ikisema saa kumi na mbili au ishirini na nne rangi hiyo haikufai hata ingekuwa ya bure, unless unatumia ujanja huu wa pili.

Ujanja ni kupandisha boti juu kabisa siku maji ya bamvua yamejaa. Kesho yake maji yanajaa kidogo kuliko leo, keshokutwa kidogo zaidi, mpaka maji mafu, halafu yanaanza kupanda tena. Boti inakaa kavu siku kumi na zaidi bila kulipa kreni. Hapo unapiga tabaka tatu kwa raha zako. Lakini bamvua si sawa zote! Ya mwezi mpevu na ya mwezi mchanga huwa zinapishana urefu, na zile za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa. Ukipandia bamvua kubwa na inayofuata ikawa ndogo, boti itabaki mchangani inakutazama mwezi mzima. Fungua jedwali la maji la Kilindini, au la Dar kama uko huko, hakikisha bamvua ya pili ni kubwa kuliko siku uliyopandia. Mimi huacha akiba ya sentimita 20 angalau.

Na usipange masika. Januari na Februari kukavu, au Julai kabla msimu wa uvuvi haujaanza, japo kusi itakupulizia mchanga kwenye rangi mbichi.

Hatua ya 6: Hesabu ya rangi

Chukua urefu wa boti kwenye mstari wa maji, zidisha kwa upana ukijumlisha na kina. Yangu ni 7.6 × (2.6 + 0.6), inakuja mita za mraba 24 na kidogo. Fomula hii ni ya boti yenye tumbo pana, ikiwa ya matanga yenye mkuku mwembamba punguza mpaka nusu hivi.

Sasa mkebe mmoja unafika wapi? Tafuta kwenye mkebe asilimia ya yabisi, yaani kinachobaki rangi ikikauka, na unene wa rangi kavu kwa maikroni. Asilimia mara 10 gawanya kwa maikroni, unapata mita za mraba kwa lita. Yabisi 50, unene 50, ni mita 10 kwa lita. Kwa boti yangu ni lita 2.4 kwa tabaka, tabaka mbili karibu lita 5, na nyongeza ya sehemu zinazoliwa haraka, jumla lita 6. Fundi akikuambia lita 3 zinatosha jua anapanga kuchanganya na thina, na rangi iliyoongezwa thina inapendeza siku ya kwanza tu.

Ukilinganisha bei usilinganishe mkebe kwa mkebe. Gawanya gharama yote, pamoja na kupandisha na fundi, kwa miezi itakayodumu. Mara nyingi rangi ya bei ya juu inatoka rahisi.

Dukani nyanyua mkebe. Rangi yenye kopa ya kutosha ni nzito, lita moja inaweza kukaribia kilo mbili. Ukinyanyua ukaona mwepesi kama rangi ya ukuta, ulizia vizuri. Tazama namba ya toleo na tarehe, tikisa usikie.

Hatua ya 7: Kupaka

Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu. Vumbi lile ni sumu, piga msasa na maji, namba 80 mpaka 120, vaa maski yenye chujio ya mvuke siyo ile ya kitambaa, glavu, miwani. Tandika turubai chini uokote mabaki, hasa ukiwa karibu na hifadhi za bahari kama Watamu au Kisite. Usichome rangi ya zamani kwa gesi.

Osha na maji baridi, chumvi ikibaki chini ya rangi itavuta maji na kutengeneza malengelenge. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85 acha, na alfajiri ukipitisha kiganja ukasikia umande subiri jua.

Kama umetia epoksi mpya, tabaka la kwanza la antifaulingi liingie epoksi ikiwa bado inanata kidogo. Bonyeza kidole: inakushika lakini haikuachii rangi mkononi. Hapo hapo. Ukichelewa, msasa tena.

Koroga. Koroga mpaka mti ukigusa chini ya mkebe usisikie uji mzito, halafu koroga tena kila unapojaza trei. Unajua kwa nini nasema.

Tumia rola fupi ya manyoya, masking tepu kwenye mstari wa maji uitoe rangi ikiwa bado mbichi. Tabaka la kwanza rangi moja, la pili rangi nyingine, mimi huanza na nyekundu halafu bluu. Miezi ikipita ukaona nyekundu inachungulia kwenye bluu, unajua bila kubahatisha kwamba nusu imeisha. Tabaka la tatu liende mstari wa maji, pua ya boti, ukingo wa mbele wa mkuku na usukani, maana kule jua na mkondo vinakula haraka. Sehemu zilizokuwa zimekalia magogo zipakwe mwisho baada ya kuhamisha magogo, hizi ndizo husahaulika na magamba hayasahau.

Zinki, vile vipande vinavyoliwa badala ya chuma cha boti, usizipake kabisa, zikipakwa hazifanyi kazi. Sensa ya fishfaina, kile kidude cha chini ya boti cha kutafutia samaki, ina rangi yake inayochanganywa na maji, ya kawaida itakuharibia.

Hatua ya 8: Baada ya kushusha

Baada ya wiki sita vaa miwani ya kuzamia uingie chini. Ute mwembamba ni kawaida, pitisha kitambaa laini kama rangi ni ya kujilika, au toka tu ukimbize boti nusu saa. Magamba yakiwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, rola ilipita haraka pale. Yakiwa kwenye miraba midogo, ni magogo. Yakiwa kila mahali sawasawa, rangi haiendani na boti inavyoishi na mwakani badilisha aina siyo kampuni.

Mimi nina daftari ndani ya boksi la life jaketi: tarehe, namba ya toleo, lita ngapi, nani alipaka upande gani. Kwenye ukurasa wa mwaka ule nimeandika "kulia, hakukoroga" na nimepigia mstari mara mbili.